Kisichooza Hakina Picha

Onduparaka iko nje kidogo ya jiji la Arua, na Waganda wengi wanalijua jina hilo kwa timu ya mpira. Mimi nalijua kwa shangazi yangu na pipa lake la bluu. Ni pipa la plastiki nene, la lita mia mbili hivi, limekatwa juu kwa msumeno na kuwekwa chini ya mfereji wa paa likinge maji ya mvua. Ubavuni limebaki na kipande cha lebo. Jua limekula maandishi, na jina la kilichokuwamo halisomeki tena. Imesalia picha moja tu: mraba uliosimama kwa pembe yake, mpaka wake mwekundu, na ndani yake umbo jeusi la mtu kuanzia kichwani hadi kifuani. Kifuani pana kitu cheupe kama nyota iliyopasuka.

"Shangazi, hii picha ni ya nini?" nilimuuliza siku niliyokwenda kumsalimia.

"Si ni dawa ya kifua, mwanangu?" akajibu. "Huoni pale panapomuuma?"

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, picha ile huonya kwamba kilichomo kinaweza kuleta saratani, au kudhuru mimba, au kuharibu viungo vya ndani polepole. Shangazi hakuwa mbali: alimwona mtu, akaona kifua, akaona ugonjwa. Alichokosa ni sentensi iliyopaswa kukaa chini ya picha, nayo ilikwisha kufutika. Na hata ingekuwapo, ingekuwa ya Kiingereza, nyumbani kwa mama anayezungumza Kilugbara, Kiswahili, na Kinubi cha sokoni.

Sidai kwamba pipa lile lilibeba kemikali ninayotaka kuichambua hapa. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha jinsi uainishaji wa hatari unavyotufikia: kipande cha lebo juu ya chombo ambacho kimeshaanza kazi nyingine. Kuna kemikali ambazo mpango huu wa lebo unashindwa nazo kuliko zote, kwa kuwa huishi muda mrefu kuliko lebo, kuliko pipa, na kuliko mwenye pipa.

Inayojulikana zaidi kati yake hufupishwa PFOA. Ni mnyororo wa kaboni nane. Saba zimezungukwa na florini, na ya nane imebeba kichwa cha asidi. Muungano wa kaboni na florini ni miongoni mwa miungano migumu kuvunjika kuliko yote katika kemia ya kaboni, na humo ndimo ilimo faida ya kemikali hii na balaa lake. Mkia unakimbia maji na mafuta pia, kichwa kinayapenda maji. Kwa sababu hiyo PFOA na ndugu zake wameweza kufanya koti lisilowe, karatasi ya chipsi isipitishe mafuta, na povu la zimamoto litandae juu ya petroli inayowaka na kuunyima moto hewa. Plastiki iliyokuja kuuzwa kwa jina la Teflon iligunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka 1938. Kampuni ya 3M ilianza kutengeneza PFOA mwaka 1947, na kuanzia 1951 DuPont ikawa inaitumia katika kutengeneza Teflon.

Aliyewahi kuona tone la maji likibingirika juu ya jani la gimbi ameona kazi hiyohiyo ikifanywa na nta ya mmea. Jani likikauka, nta yake huoza pamoja nalo msimu huohuo. PFOA haiozi. Jua haliivunji, bakteria hawaili, na ukichemsha maji yaliyo nayo, mvuke huondoka na kemikali hubaki sufuriani, imekolea zaidi kidogo kuliko mwanzo.

Sasa tuje kwenye uainishaji wenyewe. Maswali ni mawili, na mjadala mwingi hupotea njia kwa kuyachanganya. La kwanza: je, kitu hiki kina uwezo wa kudhuru? La pili: kwa kiasi kinachotufikia sisi, kitatudhuru? Katika Kiswahili cha usalama kazini, la kwanza linahusu kihatarishi, na la pili linahusu uwezekano wa madhara.

Chukua tumbaku. Mkoa wetu wa West Nile umeilima kwa miaka mingi, na kuna familia huku zilizosomesha watoto kwa majani yaliyokaushwa. Moshi wake uko Kundi la 1 katika orodha ya IARC, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa. Humohumo zimo pombe, miale ya jua, nyama ya kusindikwa, na aflatoksini ya karanga na mahindi yaliyoshika ukungu. Hakuna anayesema soseji ni sawa na sigara. Kundi la 1 maana yake ni kwamba ushahidi umetosha kuthibitisha kuwa kitu hicho huweza kumpa binadamu saratani. Kwa kiasi gani, na kwa watu wangapi, ni kazi ya swali la pili.

PFOA ilipanda katika orodha hiyo kwa hatua. Mwaka 2014 iliwekwa Kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Novemba 2023 wataalamu 30 kutoka nchi 11 walikutana Lyon, wakaipandisha hadi Kundi la 1, na ndugu yake PFOS wakaiweka 2B. Inafaa kuangalia walifikaje huko. Ushahidi kwa wanyama wa maabara ulitosha. Ushahidi wa moja kwa moja kwa watu, kuhusu saratani ya figo na ya korodani, waliuhesabu kuwa ni finyu. Kilichoelemea kwenye mizani ni ushahidi mzito wa namna kemikali inavyofanya kazi ndani ya miili ya watu walioipata: hubadilisha jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, na hudhoofisha kinga ya mwili.

Ulaya ilikuwa imeiainisha tayari mwaka 2013 kwa kanuni zake, na hukumu yake haikufanana na ya Lyon. Kwa upande wa saratani iliiweka daraja la pili, la kushukiwa tu. Kwa upande wa uzazi iliiweka daraja la 1B: huweza kudhuru mtoto aliye tumboni. Ikaongeza kwamba huharibu ini mtu akiipata mara kwa mara, na kwamba huweza kudhuru watoto wanaonyonya. Msomaji asione hapo mgongano wa wataalamu. Miaka kumi ya ushahidi inatenganisha hukumu hizo mbili, na kila chombo kina mizani yake.

Ningependa kukaa kidogo kwenye hilo neno la watoto wanaonyonya. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuweka lebo kwenye kemikali ulizaliwa kutokana na maazimio ya Rio de Janeiro ya mwaka 1992, na toleo lake la kwanza likachapishwa 2003. Una picha tisa: fuvu, mwali wa moto, samaki aliyekufa kando ya mti mkavu, yule mtu mwenye nyota kifuani, na nyinginezo. Wazo lake ni jema sana, kwamba hata asiyesoma aweze kuona. Lakini onyo la kunyonyesha halina picha. Halina hata lile neno kubwa la "Hatari" au "Tahadhari" linaloandikwa pembeni. Kanuni zinalipa sentensi peke yake. Kemikali ambayo ingekuwa na onyo hilo tu ingefika sokoni Arua bila alama yoyote ambayo mama anayenyonyesha angeweza kuitambua, labda awe anasoma lugha ya kiwandani.

Kuna pengo jingine, nalo kwangu ni kubwa zaidi. Kutooza kwenyewe hakuna picha. Mfumo huo wa kimataifa unamhesabu samaki anayekufa leo na samaki anayedhurika kwa miaka, na unahesabu madhara kwa tabaka la ozoni. Uimara wa kemikali unaingia tu kama kigezo cha kupandisha daraja la sumu kwa viumbe wa majini. Kitu kinachoweza kukaa udongoni hadi wajukuu wa wajukuu, ikiwa bado hakijathibitishwa kuua samaki wala kuumiza panya, kinapita bila alama.

Ulaya ilijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2023 kwa kuongeza madaraja mapya ya hatari: ya kemikali zisizooza na zinazojilimbikiza mwilini, na ya kemikali zisizooza na zinazosafiri haraka na maji. Vitu vipya vinavyoingia soko la Ulaya vimebanwa na kanuni hiyo tangu Mei 2025, na vilivyokuwepo vinapewa hadi Novemba 2026. Ni hatua kubwa, na naipongeza bila kusita. Hata hivyo madaraja hayo nayo hayakupewa picha, kwa kuwa picha ni mali ya mfumo wa Umoja wa Mataifa, na mfumo huo bado haujayapokea.

Kwa nini kutooza kuhesabiwe kuwa hatari kwenyewe? Wanaopinga wana hoja inayostahili kusikilizwa. Mchanga hauozi, kioo hakiozi, na hakuna anayeviogopa. Plastiki ya Teflon yenyewe, ikiwa haijaunguzwa kupita kiasi, haivunjiki wala hailiki na mwili. Ndiyo maana hutumika katika vifaa vya upasuaji. Wanasema basi: pima sumu, achana na umri.

Jibu langu ni la hesabu. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliweka kikomo cha PFOA katika maji ya kunywa kuwa nanogramu 4 kwa lita, na lengo la kiafya likaandikwa kuwa sifuri. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Gramu moja ya PFOA, kiasi cha robo ya kijiko cha chai, ingetosha kufikisha kiwango hicho katika lita milioni 250. Ukizitia katika jerikeni za lita 20, zile za njano zinazopangwa foleni kwenye kila kisima cha pampu kuanzia Onduparaka hadi Koboko, ni jerikeni milioni 12 na nusu. Kioo hakiyeyuki katika maji ya kisima. Hiki kinayeyuka, kinasafiri, na hakipungui kwa kuoza, kinapungua kwa kuhama tu.

Ndani ya mwili mambo ni vivyo hivyo. Inachukua kati ya miaka miwili na minne hivi kwa nusu ya PFOA iliyomo kwenye damu ya mtu kutoka. Anayekunywa kidogo kila siku anajaza kwa kasi kuliko anavyomwaga, mpaka miaka mingi ipite ndipo kiasi kitulie. Mama ana njia moja ya kupunguza mzigo ambayo baba hana, nayo ni maziwa. Kinachopungua mwilini mwake anakipokea mtoto.

Hapa ndipo ule ukuta kati ya kihatarishi na uwezekano wa madhara unapobomoka. Kwa kemikali inayooza, mtawala anaweza kusubiri. Akiona watu wanaumwa anafunga bomba, na baada ya miezi mto unajisafisha. Kwa kitu kisichooza, kiasi kinachotufikia hakishuki kirahisi baada ya kosa kugunduliwa. Kilicho rahisi ni kukizuia kisiongezeke. Anayesubiri ushahidi wa ugonjwa ndipo aainishe atakuwa amesubiri hadi siku ambayo uainishaji hauna tena cha kuokoa katika maji hayo.

Na ushahidi wa ugonjwa hupatikanaje? Hupatikana kwa watu kunywa kwanza. Karibu na Parkersburg, West Virginia, mfugaji aitwaye Wilbur Tennant aliona ng'ombe wake wakifa kando ya kijito kilichopokea maji ya jaa la taka la DuPont. Mwaka 1999 wakili Robert Bilott alifungua kesi kwa niaba yake. Kesi za baadaye zilizaa uchunguzi wa afya wa watu wapatao 69,000 waliokuwa wakinywa maji yenye PFOA, na jopo la wanasayansi watatu likahitimisha mwaka 2012 kwamba kuna uhusiano wa kuaminika na magonjwa sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, vidonda vya utumbo mpana, shinikizo la damu la ujauzito na kolesteroli ya juu. Mwaka 2017 dola milioni 671 zililipwa kumaliza kesi takriban 3,550. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya PFOA na binadamu imetoka kwenye mishipa ya watu wale. Kila daraja la uainishaji lina watu nyuma yake waliotangulia kunywa.

Mkataba wa Stockholm, wa kemikali zisizooza, ulitungwa ili watu wasitangulie kunywa tena. Uganda ilijiunga nao mwaka 2004, mwaka uleule wa Kenya na Tanzania. Mkataba huu haujali kemikali iko Kundi gani Lyon. Unauliza mambo mengine: inakaa muda gani, inajilimbikiza, inasafiri mbali, na je, kuna madhara? PFOS iliingia 2009, PFOA 2019, ndugu yao PFHxS 2022, na mwaka 2025 wakafuata wenye minyororo mirefu zaidi. Kutoka 1947 hadi 2019 ni miaka 72.

Sehemu ya uchelewesho huo ilitokana na kanuni zenyewe, na kisa chake kinafundisha kuliko vyote ninavyovijua katika jambo hili. Vigezo vya kujilimbikiza viliandikwa na watu waliokuwa wakiifikiria DDT, dawa ya kuua wadudu. DDT hukaa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo kipimo kikawa samaki: mweke kwenye maji yenye kemikali, uone kiasi kinachojikusanya ndani yake ni mara ngapi ya kile cha majini. Kikizidi mara 5,000, imejilimbikiza. PFOA ilifaulu mtihani huo kama mwanafunzi mwema, kwa sababu haikai kwenye mafuta. Hushikamana na protini za damu na kukaa kwenye ini, na samaki huitoa kupitia mashavu yake kurudi majini. Kiumbe anayevuta hewa hana njia hiyo. Ilibidi wataalamu wa Ulaya, walipoitangaza mwaka 2013 kuwa kemikali ya kutiliwa mkazo wa juu, waegemee kwenye damu ya watu na kwenye wanyama wa nchi kavu, waseme wazi kwamba kipimo cha samaki hakikuwa kimetengenezwa kwa kitu cha aina hii. Uainishaji ni chombo cha fundi kama patasi au randa. Ukitengenezwa kwa mti laini, unateleza juu ya mpingo.

Na huku kwetu? Maji ya Afrika Mashariki yamepimwa mahali pachache, na hapo pachache kemikali zilionekana. Mwaka 2008 Francis Orata na wenzake walichapisha matokeo ya sangara na sato wa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wakiwa wamekuta PFOA na PFOS katika samaki hao. Mwaka 2018 watafiti wa Uganda na Sweden walichapisha utafiti wa Nakivubo, Kampala, mahali ambapo maji machafu ya jiji hupita kwenye kinamasi kabla ya kufika ziwani, na ambapo wakulima hupanda mahindi, miwa na viazi vikuu. Walizikuta kemikali za jamii hii majini, udongoni na ndani ya mimea yenyewe. Viwango vya maji havikuwa vya Parkersburg, na ni haki kulisema hilo. Lakini hakuna kiwanda cha Teflon Kampala. Zilifika zikiwa ndani ya vitu: nguo, mazulia, vifungashio, povu, dawa za kusafishia. Bidhaa ilivuka mpaka kihalali, ikachakaa, na kilichomo kikatoka.

Njia hiyohiyo ndiyo inayofika West Nile. Shehena hupanda kutoka Mombasa, nyingine ikaendelea Vurra kuelekea Congo au Koboko na Oraba kuelekea Sudan Kusini. Tangu 2017 orodha ya kimataifa ya forodha ina namba maalumu za PFOS na chumvi zake, kwa hiyo afisa anaweza kuliona pipa la PFOS kwenye karatasi zake. Koti la mvua lililopakwa kemikali hizo lina namba ya koti. Uainishaji humkamata anayeuza kemikali, na karibu kila kinachotufikia kimeshaacha kuitwa kemikali.

Kuna watakaosema kwamba West Nile ina mambo makubwa zaidi: malaria, kuharisha kwa watoto, visima visivyowatosha wenyeji na wakimbizi wa Bidibidi, Rhino Camp na Lobule. Wanasema kweli, na sitaki hata shilingi moja ya chandarua ihamishiwe kwenye mashine ya kupima nanogramu. Ninachokiomba ni cha bei nyingine. Malaria ya leo inatibika kesho kwa dawa. Kemikali hii haina kesho ya namna hiyo, na wakati wa kuizuia kwa gharama ndogo ni sasa, kabla haijawa nyingi. Arua, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2020, bado inajinunulia vifaa vyake. Popote duniani wanunuzi wakubwa wa povu la kuzimia moto wa mafuta ni viwanja vya ndege, bohari za mafuta na vikosi vya zimamoto. Mapovu yasiyo na florini yapo sokoni. Sharti la mstari mmoja kwenye hati ya zabuni, kwamba povu lisiwe na florini, linafanya kazi ambayo hakuna lebo itakayoifanya baadaye.

Sharti hilo liseme florini, lisiseme PFOA. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kemikali moja ikipigwa marufuku, kiwanda hufupisha mnyororo au hubadilisha kiungo kimoja na kuleta nyingine isiyo na faili. Mwaka 2018 shirika la OECD lilihesabu zaidi ya kemikali 4,700 za ukoo huu. Ukiziainisha moja moja kwa mwendo wa PFOA, hakuna mtoto aliyezaliwa leo Onduparaka atakayeuona mwisho wa kazi hiyo. Ndiyo maana Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden walipeleka Ulaya mwaka 2023 pendekezo la kuzibana zote kama ukoo mmoja, na kuacha muda kwa matumizi ambayo bado hayana mbadala.

Mdogo kuliko wote katika ukoo huo ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Huitwa TFA, ana kaboni mbili tu. Huzaliwa angani pale baadhi ya gesi za majokofu na viyoyozi zinapovunjika, kisha hushuka na mvua. Ujerumani imependekeza aainishwe Ulaya kuwa mwenye kudhuru uzazi, daraja la 1B, na kuwa asiyeoza na anayesafiri sana majini. Maoni ya umma yalikusanywa mwaka 2025. Wapo wanaobisha kwa nguvu kwamba vipimo vya wanyama vilitumia dozi kubwa mno. Kwetu suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu makubaliano ya kupunguza gesi za zamani za majokofu zinazopasha dunia joto yalipitishwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, na mojawapo ya gesi zinazochukua nafasi ya hizo huishia yote kuwa TFA. Kupunguza joto la dunia ni lazima, na zipo gesi nyingine za jokofu zisizo na florini kabisa. Kanda iliyowahi kutoa jina la mji wake kwa makubaliano hayo ina haki ya kuuliza ni gesi ipi inapakiwa kuja Afrika Mashariki. Maji ya mvua ndiyo yanayoingia kwenye pipa la shangazi.

Siku ile nilimweleza maana ya picha. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imefumbatwa, kisha akauliza akichemsha maji yake kama wanavyofundishwa kituo cha afya, je, hayatafaa? Nilimwambia kuchemsha kunaua vijidudu, na aendelee, lakini kilichowahi kuwamo kwenye pipa lenye picha hii huenda kisiuawe kwa moto wa jikoni, na maji ya kunywa asiyakinge tena humo.

"Sawa, mwanangu. Sasa nilitupe wapi?"

Nikafikiria kulichoma. Moto wa shimo la taka haufiki nyuzi elfu moja zinazohitajika kuvunja vitu vya namna ya PFOA, kama vilikuwamo; moshi ungeenda kwa majirani. Nikafikiria shimo lenyewe, nalo liko juu kuliko kisima. Nikafikiria mteremko nyuma ya nyumba, na maji ya mteremko huishia mtoni, na jiji la Arua hunywa maji ya mto Enyau. Mjukuu wake alikuwa amesimama hapo akitutazama, akisubiri jibu la mtu aliyesoma.

Mwishoni tulilipindua mdomo chini, tukaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, upande wenye lebo ukatazama nje. Bado liko hapo.